Alama za Wastani na Kazi ya Uuguzi

Matokeo ya mtihani wa sekondari yafikapo Gisenyi, nyumba nyingi za askari huwa na kijana aliyefaulu, ingawa si kwa kiwango cha kutamba. Naye ataka uuguzi. Aende wapi?

Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya serikali, nafasi zake hugombaniwa. Katika vyuo vya dini na vya watu binafsi, kama kile cha Ruli wilayani Gakenke, karo humwelemea mzazi, na mshahara wa askari wajulikana.

Wengine hutupa macho Goma, ng'ambo ya Petite Barrière. Ni karibu, kweli. Lakini stashahada ya nje yahitaji kutambuliwa rasmi nchini, na vita vya Januari 2025 vilionyesha jinsi masomo yanavyoweza kukatika ghafla.

Ukubwa wa majengo usimpumbaze mzazi. Muuguzi asiyesajiliwa na Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga haruhusiwi kuhudumia mgonjwa. Basi aulize kabla ya kulipa: je, wahitimu wa chuo hiki husajiliwa? Wanafunzi hujifunzia wodi za hospitali gani? Chuo kinachobabaika kujibu kiachwe.

Wala ngazi ya chini si aibu. Wauguzi wengi wa A2 walijiendeleza hadi A1 wakiwa kazini. Na kwa mdogo wake aliye bado kidato cha tatu, tangu 2021 zipo shule za sekondari zifundishazo uuguzi msaidizi kwa miaka 3.