Ripoti za Maabara Ziwe za Kweli

Katika kazi zote anazopewa mwanafunzi anayeanza somo la fizikia, pengine hakuna inayochukuliwa kwa wepesi kama ripoti ya maabara. Mazoezi ya hesabu huogopwa na mtihani wa mwisho huombewa dua, lakini ripoti huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi, na aghalabu kwa kutazama daftari la mwenzake. Wazee nyumbani humwona kijana kainama juu ya karatasi wakadhani anasoma. Kumbe ananakili.

Jambo hili si dogo, na leo tunapenda kulizungumza mbele ya wazazi, waalimu na viongozi wetu wa elimu, Unguja na Pemba.

Natuchukue jaribio moja linalojulikana na karibu kila aliyesoma fizikia, nalo ni la pendulamu. Mwanafunzi hufunga kitufe cha chuma kwenye uzi, akakining'iniza, akakivuta kidogo upande mmoja na kukiachia. Hupima urefu kutoka pale uzi uliposhikwa hadi katikati ya kitufe, hupima muda wa kitufe kwenda na kurudi, kisha kwa hesabu hutafuta mchapuko unaotokana na mvutano wa ardhi. Vifaa vyake ni vichache, na skuli ya shamba inaweza kulifanya sawasawa na skuli ya mjini.

Kitabu kimekwisha kumwambia mwanafunzi kuwa jibu ni mita 9.81 kwa sekunde ya mraba. Hapo ndipo mtihani wa uaminifu unapoanza. Akipata 9.6 huingiwa na hofu. Hurudi katika jedwali lake, akafuta tarakimu hapa na kuongeza pale, mpaka jibu likaelewana na kitabu. Kazi hiyo huitwa kupika matokeo. Mwalimu naye, mwenye madaftari mengi ya kusahihisha, huona jibu ni lile lile la kitabuni akatia alama ya vyema. Mwenzake aliyeandika 9.6 kama alivyoipata huondoka na alama pungufu.

Sasa tuulize: hiyo 9.81 ni ya wapi? Ni ya nchi zilizo mbali na Ikweta, mathalan mji wa London. Dunia yetu si duara kamili; imebinyika kidogo kwenye ncha zake na kutuna kwenye Ikweta, nayo huzunguka. Kwa sababu hizo mbili mvutano hupungua kidogo kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta. Hapa Unguja, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, kiasi cha kweli ni karibu 9.78. Kwa hiyo kijana wetu anayepika matokeo ili apate 9.81 anaisingizia ardhi ya kwao mvutano wa London.

Tofauti hiyo ni ndogo, wala hatudai kuwa kila mwanafunzi ataiona. Uzi wa mita moja ukienda na kurudi mara 100, tofauti ya muda baina ya huko na hapa ni kama sehemu tatu katika kumi za sekunde tu. Lakini yupo mtu aliyeigundua kwa kuyaamini macho yake. Mwaka 1672 mtaalamu wa Kifaransa, Jean Richer, alikuwa Cayenne, katika pwani ya Amerika ya Kusini, nyuzi 5 hivi kaskazini mwa Ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokwenda barabara mjini Paris, huko ilichelewa kiasi cha dakika mbili na nusu kila siku. Richer angeweza kuficha jambo hilo, au kuilaumu saa. Yeye aliliandika kama lilivyo, akafupisha pendulamu yake na kueleza alivyofanya. Walikuwapo waliodhani kuwa ni joto tu lililorefusha chuma. Hata hivyo, mwaka 1687 Isaac Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake kikuu kuonyesha kuwa dunia imetuna kwenye Ikweta. Umbo la dunia lilijulikana kwa sababu mtu mmoja hakuona haya kuandika kipimo kisichoelewana na cha wakubwa wake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1963 kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Magamba, mkoani Tanga, aliona maziwa ya moto aliyotaka kuyafanya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyokwisha kupozwa. Aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, na wenziwe wakamcheka. Hakuyafuta aliyoyaona. Baadaye alimwuliza mtaalamu wa Chuo Kikuu, Denis Osborne, ambaye badala ya kucheka alilijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 habari zake zikachapishwa kwa majina yao wawili. Wataalamu wangali wakibishana juu yake mpaka leo, lakini wanabishana wakilitaja jina la Mpemba.

Ripoti njema, basi, si ile yenye jibu la kitabuni. Ni ile inayomwezesha mtu asiyekuwapo kulirudia jaribio na kujua aamini kwa kiasi gani. Mkono wa binadamu ukibonyeza saa unaweza kukosea sehemu mbili katika kumi za sekunde. Mwanafunzi akipima mwendo mmoja wa sekunde mbili, kosa hilo ni sehemu moja katika kumi ya kipimo chake. Akipima myendo 20 kwa mkupuo, kosa lile lile huwa sehemu moja katika 200. Aliyefahamu hilo ataandika kuwa amepata 9.7, na kwamba huenda imezidi au imepungua kwa 0.1, naye atakuwa amesema kweli tupu. Anayeandika 9.81 kwa saa hiyo hiyo na uzi huo huo anadai uhakika asiokuwa nao.

Tunatambua kuwa si kila anayenakili ni mvivu. Wapo wanaoshiriki kifaa kimoja watu wengi, hata wa nyuma hawakioni. Wapo pia walioliona jaribio na kulifahamu, lakini wanatakiwa kulieleza kwa Kiingereza, na maneno yanawapiga chenga. Basi huazima sentensi za mwenziwao pamoja na makosa yake.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, alama nyingi ziende kwenye vipimo vilivyoandikwa papo hapo, bila ya kufutwa, na kwenye maelezo ya makosa, kuliko kwenye jibu la mwisho. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kuandika rasimu yake ya mwanzo kwa Kiswahili, mwalimu aone kama amefahamu, ndipo aihamishe katika Kiingereza cha mtihani. Tatu, wakuu wa elimu wahakikishe kuwa vipindi vya maabara havigeuzwi kuwa vya kunakili ubaoni. Uzi, kitufe na saa havitaki fedha nyingi. Vinataka nafasi na usimamizi.

Tunayasema haya kwa sababu mwanafunzi wa leo ndiye ofisa wa kesho. Yeye ndiye atakayepima chumvi katika maji ya kisima, atakayesoma mizani ya karafuu za mkulima, atakayepima dawa ya mgonjwa, na atakayeandika ripoti ya barabara iliyokwisha au isiyokwisha. Aliyezoea kuifanya tarakimu ielewane na matakwa ya mwalimu, kesho ataifanya ielewane na matakwa ya mkubwa wake wa kazi, na hasara itakuwa ya wananchi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Pahala pa kumkunja ni hapo mezani pa maabara, siku anapopata 9.6 na kuuliza kama aiache. Mwalimu amjibu: iache, kisha tueleze kwa nini.