Mbwa nyumbani: Mlinzi mzuri, lakini amechanjwa?

Wilayani Same, mbwa ana kazi. Huko Chome na Vudee hufukuza ngedere mashambani. Tambarare, kuanzia Makanya hadi Kisiwani, hufuatana na mbuzi malishoni na kubweka usiku mgeni akipita.

Siku hizi wapo pia wanaotamani mbwa wa kizungu kama golden retriever. Ni mpole, hupenda watoto na hufundishika upesi. Lakini asili yake ni Scotland, kwenye baridi, na ana manyoya marefu. Joto la Same mjini humchosha. Anahitaji kivuli na maji muda wote. Manyoya yake hunasa kupe, na yakipukutika ndani yanaweza kumsumbua mwenye pumu. Kwa upole wake, si wa kumtegemea kwa ulinzi.

Faida za mbwa, awe wa kienyeji au wa kigeni, ni za kweli. Mtoto hupata mwenzi wa kucheza naye na hujifunza kutunza kiumbe kingine. Mzee anayeishi peke yake hupata sababu ya kutoka na kutembea.

Hasara kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kama vile kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Habari njema ni kwamba unazuilika kabisa mtu akiwahi.

Mtoto akiumwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda, fanya haya:

Kwanza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu wala mafuta.

Pili, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama ataugua, kwani dalili huweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza. Chanjo hutolewa kwa awamu. Usikatishe kwa sababu kidonda kimekauka.

Tatu, mjulishe ofisa mifugo. Mbwa akiwa anafahamika, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Msikimbilie kumuua na kumtupa.

Mzazi, jambo moja zaidi. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, hasa kama walikuwa wakimchokoza mbwa wa jirani. Mwambie mwanao mapema kwamba akiumwa aseme, na hatagombezwa. Kimya chake ni hatari kuliko utundu wake.

Kwa mwenye mbwa, mchanje kuanzia miezi mitatu na urudie kila mwaka, mpe dawa ya minyoo, na fukia kinyesi chake mbali na watoto wanapochezea. Kwa sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, chanjo hiyo huwakinga pia mbwa mwitu, ambao huambukizwa kichaa na mbwa wetu.

Kama huwezi kumchanja, kumlisha na kumfunga inapobidi, bado hujawa tayari kufuga mbwa.