Saa ya Ukutani na Saa ya Mwili

Fungueni madaftari. Somo la leo lahusu saa, lakini si kusoma saa. Hilo mmekwisha kulijua.

Ninyi mkaao Ileje mnajua jambo ambalo wengi wa Dar es Salaam hawalijui. Ukivuka mpaka pale Isongole kwenda Malawi, au pale Tunduma kwenda Zambia, yakupasa kurudisha saa yako nyuma. Hapa kwetu ikiwa saa nne, kule ni saa tatu. Mwili hauoni taabu, maana saa moja ni kidogo.

Sababu yake ni kwamba dunia huzunguka mara moja kwa saa 24, na walio mashariki hulitangulia kuliona jua. Msafiri wa jahazi alikwenda polepole, mwili ukazoea njiani. Ndege haikupi nafasi hiyo.

Tumtazame mfanyabiashara wa Tunduma aendaye Guangzhou, katika nchi ya China, kununua bidhaa. China imetutangulia kwa saa 5. Akilala kule saa nne usiku, nyumbani ni saa kumi na moja jioni; usingizi utatoka wapi? Akiamshwa saa moja asubuhi, mwili wake unamwambia ni saa nane usiku. Naye ndiyo kwanza aende kuhesabu fedha na kutia sahihi hati za mzigo! Heri aiache sahihi mpaka siku ya pili au ya tatu.

Katika ubongo, karibu na mishipa ya macho, pana saa ya mwili. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa ya namna hiyo inavyokwenda ndani ya chembe za mwili. Saa hii huongozwa hasa na mwanga. Kwa kawaida husogea kama saa moja kwa siku, basi safari ya China yataka siku 5 hivi.

Kwa hiyo, siku ya kwanza kule, tafuta jua kuanzia saa tano asubuhi. Jua la alfajiri liepuke, kwani mwili ungali usiku wa manane nalo litausukuma nyuma. Siku zifuatazo toka mapema zaidi kidogo kidogo. Ukizidiwa mchana, jinyoshe nusu saa tu. Kahawa mwisho adhuhuri. Atumiaye dawa kwa saa maalumu, kama sindano ya kisukari, amwulize daktari kabla ya safari.

Kurudi ni rahisi kidogo, kwani kwa watu wengi kuchelewa kulala ni kwepesi kuliko kuwahi. Jioni usingizi utakuvamia jua lingali juu; kaa nje mpaka lizame. Ila ukishuka uwanja wa ndege wa Songwe, usishike usukani mwenyewe. Ile barabara ya Tunduma mnaijua kwa malori yake.

Aendaye Johannesburg atachoka kwa kukaa kitini, basi, kwa kuwa saa hupungua moja tu, kama Nakonde.

Sasa andikeni hesabu hii. Oman imetutangulia kwa saa moja. Ndege ikitua Muscat saa nne asubuhi, hapo Mbebe ni saa ngapi? Mwalimu wenu atasahihisha. Kwa herini.