Msamaha na Uaminifu katika Utenzi wa Evangeline

Miongoni mwa washairi wa Marekani wa karne ya 19, Henry Wadsworth Longfellow alisomwa kuliko wengi. Utenzi wake uitwao Evangeline, uliotolewa mwaka 1847, watufaa sisi watumishi wa Neno, maana unagusa maswali mawili: uaminifu wa mtu aliyepoteza vyote, na msamaha kwa waliotenda uovu.

Msingi wake ni tukio la kweli. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwafukuza Waakadia, wakulima Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa, kutoka Nova Scotia, ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Hadi mwaka 1763 watu zaidi ya 10,000 walikuwa wameondolewa, na familia nyingi zilitenganishwa. Katika utenzi, Evangeline na mchumba wake Gabriel wanachukuliwa katika merikebu tofauti. Evangeline anamtafuta miaka mingi. Mwishoni, akiwa mtawa anayewauguza maskini wa Philadelphia, anamkuta Gabriel akifa kwa tauni.

Wengi huona hapa fundisho la subira tu. Sisi twaona zaidi. Evangeline hawahudumii wagonjwa ili arudishiwe Gabriel. Alikwisha kuacha kumtafuta. Upendo wake haukuzimika, bali ulipanuka hadi kumfikia jirani.

Lakini liko jambo la kuangaliwa kwa makini. Wanaume wa kijiji cha Grand-Pré waliitwa kanisani, wakatangaziwa amri, wakafungiwa humo. Katika utenzi, kasisi wao anawatuliza na kuwaongoza katika sala ya Yesu msalabani (Luka 23:34). Ni sehemu yenye kugusa moyo. Hata hivyo, lawama yaelekezwa kwa mfalme wa Uingereza. Longfellow hasemi kwamba John Winslow, aliyetangaza amri hiyo, alitoka Massachusetts pamoja na askari wake, yaani huko huko alikoishi mshairi mwenyewe.

Hapo ndipo tunapojifunza kama wachungaji. Sala ya msamaha ni ya aliyeumizwa. Isifanywe kifuniko cha aliyeumiza. Kwa huyo Kanisa lina neno jingine: toba na ungamo, ambamo dhambi hutajwa kwa jina. Basi, tunapoketi na watu waliofukuzwa katika mashamba yao, au waliotenganishwa na vita, tusiharakishe kuwaambia wasamehe kabla hatujajiuliza kama sisi, au watu wetu, tulikuwa miongoni mwa walioshika funguo za mlango.