Jana Haikai na "Have"

Mfanyakazi wa ofisi jijini London akisema "I've lost my keys", wenzake wanaelewa kwamba funguo bado hazijapatikana. Akisema "I lost my keys", watataka kujua lini, na huenda alishazipata. Tukio ni lilelile. Kinachobadilika ni pale msemaji anaposimama kulitazama.

Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alifafanua nyakati za vitenzi kwa nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati ambao msemaji anautumia kulitazama tukio hilo. Katika "I've lost my keys" nukta ya tatu ni sasa hivi, ndiyo maana "I have seen him yesterday" humkera Mwingereza: jana imeshafungwa.

Baadhi ya Waswahili husema "nimemwona jana", kisha hubeba -me- yao hadi kwenye Kiingereza. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye vitenzi vya hali. Mtoto yuko kitandani anakoroma, mama anasema "amelala". Kiingereza chake ni "He's asleep". Ukisema "He has slept", mgeni atadhani mtoto ameshaamka. Vivyo hivyo "amevaa koti" ni "He's wearing a coat". Walimu wanaofundisha kwamba -me- ni "have" siku zote wanawapotosha wanafunzi wao.

Tena kuna misemo ambayo umbo lake linasema wakati mmoja na maana yake wakati mwingine. "I've got a car" inaonekana kama jambo lililokamilika, kumbe ni "nina gari" tu. "You'd better go" imeficha "had", kitenzi cha wakati uliopita, lakini ni ushauri wa sasa: afadhali uende. Na anayeomba msaada kwa adabu husema "I was wondering if you could help me", ingawa shida yake iko mezani muda huohuo. Wakati uliopita hapo unalegeza ombi, ili anayeombwa aweze kukataa bila aibu.

Misemo kama hii haifai kuchambuliwa neno kwa neno. Msomaji aisikilize redioni na kwenye mazungumzo, aishike ikiwa nzima, pamoja na wakati wake.