Fahamu: Nani Mwenye Dhamana ya Umeme wa Arua na Koboko?

Kwa miaka mingi jimbo la West Nile lilikuwa mithili ya kisiwa katika jambo la nishati, maana nyaya za msongo mkubwa za taifa la Uganda hazikuifikia Arua, sembuse Koboko iliyo mpakani, hata ikalazimu kampuni ya WENRECo, iliyokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2003, izalishe na kugawa umeme wake yenyewe, kwanza kwa mitambo ya mafuta mazito yenye gharama, kisha, kuanzia 2012, kwa maporomoko ya mto Nyagak, ambayo uwezo wake ulikuwa megawati 3.5 tu.

Kiasi hicho kwa jimbo zima! Ndiyo sababu fundi wa kuchomea vyuma na mwenye kinu walizoea kungojea zamu ya umeme, na dhiki hiyo, kwa maoni yangu, ilidumu kupita kiasi.

Hatimaye, mnamo Agosti 2024, laini ya kilovolti 132 kutoka Lira kupitia Gulu na Nebbi ilizinduliwa Arua, na jimbo likaungana na nyaya hizo za taifa.

Kwa kuwa umeme wa taifa sasa umefika, yafaa raia ajue mamlaka yalivyogawanyika: Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini huweka sera na kutafuta fedha, kampuni ya UETCL husafirisha umeme wa msongo mkubwa, na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme iliyotokana na sheria ya 1999, hutoa leseni na kuidhinisha bei. Kwa hiyo malalamiko juu ya bei yapelekwe ERA, na nguzo ikianguka, aarifiwe msambazaji, yaani kampuni inayogawa umeme.