Mzigo Uko Malaba, Majibu Yako Wapi?

Kikuubo hakuna asiyejua kungoja. Katika kichochoro hiki cha biashara ya jumla, hatua chache kutoka Old Taxi Park ya Kampala, sukari, mchele, sabuni na mafuta ya kula hushushwa na kupakiwa kutwa nzima, na wanunuzi hutoka Juba, Bunia, Goma na kila pembe ya Uganda. Mama mwenye duka hapa hungoja kontena kutoka Mombasa, hungoja mteja wa Arua atume pesa, hungoja dola ishuke ndipo aagize tena. Kungoja huko hakumvunji. Anajua meli imetia nanga, anajua lori limepita Nairobi, anajua dereva amelala Eldoret na kesho atakuwa Malaba kwenye foleni ya forodha. Akipiga simu moja tu anaambiwa mzigo uko wapi.

Mama huyohuyo akipanda boda boda kwenda kupigwa ultrasaundi kwa maumivu ya chini ya kitovu yasiyokwisha, akaambiwa, "Nyabo, kuna uvimbe kwenye ovari ya kulia, mpelekee daktari karatasi hii," ujuzi wake wote wa kungoja unamtoka. Anarudi dukani, anahesabu katoni mara tatu na hesabu haikubali. Amekabidhiwa jambo linalohusu uhai wake na uzazi wake, na hakuna aliyemwambia safari ya majibu ina vituo vingapi wala sasa kimefikiwa kipi. Siamini kwamba hilo ni lazima liwe hivyo. Siku za kungoja haziwezi kufutwa zote, lakini kumwambia mgonjwa yuko kituo gani ni sehemu ya matibabu, nayo haihitaji mashine mpya.

Kwanza kabisa angeambiwa ovari hufanya nini. Kila mwezi, kwa mwanamke anayepata hedhi, ovari hutengeneza kifuko kidogo chenye majimaji, yai likakua ndani yake, kifuko kikapasuka na yai likatoka. Kuna mwezi ambao kifuko hakipasuki, au kinapasuka kisha kinajifunga na kujaa maji au damu. Hapo ndipo picha inapoonyesha sisti, na sisti nyingi za namna hii huisha zenyewe ndani ya mizunguko miwili au mitatu. Nyingine ni za aina tofauti. Ipo inayobeba mafuta, nywele, hata meno, kwa sababu imetokana na chembe zinazoweza kuzaa kiungo chochote cha mwili. Inashtua kuiona lakini kwa kawaida si saratani. Ipo pia inayojaa damu nzito ya rangi ya kahawia, ya wanawake wenye endometriosisi, ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Chama cha madaktari bingwa wa uzazi cha Uingereza, RCOG, kinakadiria kwamba kati ya wanawake 1,000 wenye sisti inayowasumbua kabla ya ukomo wa hedhi, takriban mmoja ndiye hukutwa na saratani, na idadi hiyo hufika watatu kati ya 1,000 kwenye umri wa miaka 50. Makadirio hayo ni ya Uingereza, lakini mwanamke wa Kampala anastahili kuyasikia siku ileile anapopewa karatasi yake.

Asipoyasikia, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye kookolo, yaani saratani. Hofu hiyo ina mizizi. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliharibika, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Watu wa Kampala waliishi na habari hiyo redioni na magazetini, na wako waliouguza ndugu katika kipindi hicho. Kumwambia mtu wa jiji hili "usiwe na wasiwasi" bila maelezo ni kumdharau.

Ningependa wanawake wanaongoja wajue pia kwamba kipimo hiki kinachowatia hofu kilianza kwa kumwondolea mwenzao hukumu ya kifo. Julai 1955, Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow, alipakia kwenye magari mawili vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, vya mayoma (uvimbe mgumu wa mji wa mimba) na sisti za ovari, akavipeleka kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Kiwanda kilitengeneza boila, na kilikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Kipande cha nyama ya ng'ombe nacho kikaletwa kwa kulinganisha. Mashine ikaonyesha wazi kwamba uvimbe wa maji na uvimbe mgumu havirudishi sauti kwa namna moja. Baadaye Donald aliitwa kumtazama mama aliyevimba tumbo na kukonda, ambaye madaktari walishakata kauli kwamba ana saratani ya tumbo isiyofaa kupasuliwa. Picha ikaonyesha sisti kubwa ya ovari. Ikatolewa, ikakutwa si saratani, mama akapona. Kisa hicho kimo katika makala ambayo Donald na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 1958.

Mwaka uleule, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda. Saratani hiyo, ambayo leo ina jina lake, huweza kuvimbisha hata ovari za wasichana wadogo, na ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuonekana zikiondoka kwa dawa. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1967 kilianzishwa kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa hiyo hata jibu lile baya kuliko yote lina mlango wa kupelekwa, na mlango huo uko Mulago, mwendo mfupi wa boda boda kutoka Kikuubo. Kilima hichohicho cha Mulago kina hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450, iliyofunguliwa mwaka 2018.

Kwa nini majibu huchelewa? Kungoja kwenyewe ni kwa aina kadhaa, na kila moja ina sababu yake. Daktari akisema "rudi baada ya wiki sita" au kumi na mbili, mara nyingi hajamsahau mgonjwa. Anaupa mwili nafasi ya kupita mizunguko yake, aone kama kifuko kitanywea. Picha ya pili husomeka vizuri zaidi ikipigwa siku chache baada ya hedhi kwisha. Hapa kungoja ndicho kipimo chenyewe, na mwanamke asiyeelezwa hivyo hudhani ametupwa.

Damu inayopimwa CA-125, kipimo kinachotumika kutafuta dalili za saratani ya ovari, ni habari nyingine. Kikomo cha kawaida ni 35, na nimesikia namba hiyo ikitajwa kama hukumu. Si hukumu. CA-125 hupanda kwa endometriosisi, kwa mayoma, kwa mimba, hata kwa hedhi yenyewe. Hupanda pia kwa kifua kikuu cha tumboni, na katika nchi zetu hilo ni jambo kubwa, maana ugonjwa huo unaweza kujaza tumbo maji, kuleta vivimbe na kuiga saratani ya ovari karibu kwa kila kitu, ilhali tiba yake ni vidonge vya miezi.

Kama upasuaji umefanyika na kinyama kimepelekwa maabara, siku zinapita kwa sababu ya kazi ya mikono. Nyama hulowekwa kwenye dawa mpaka ikakamae, hukaushwa maji yake, huzamishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anaketi na hadubini. Hakuna hatua ya kurukwa hapo. Lakini kila hatua inaweza kutajwa kwa simu, kama dereva anavyotaja Eldoret.

Kutojua kunausumbua hata mwili. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwaketisha watu 45 mbele ya mchezo wa kompyuta. Kila mmoja alibashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka, na nyoka akiwepo, mkono wa mchezaji ulipigwa shoti ndogo ya umeme. Jasho na mboni za macho zilionyesha kwamba mwili ulihangaika zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu kuliko pale shoti ilipokuwa ya hakika. Mama wa Kikuubo anayesema "heri waniambie tu" hajapungukiwa na imani. Anasema kile ambacho mwili wake unakijua.

Nini basi humsaidia mtu kuvuka siku hizo? Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu wa sheria waliongoja miezi minne majibu ya mtihani wa uwakili. Mbinu nyingi walizotumia kuizima hofu hazikuwapunguzia mateso kwa kiasi cha maana. Katika utafiti wake mwingine, waliozama katika shughuli inayowabana akili yote ndio waliokuwa na hali nafuu. Kaunta ya Kikuubo ni shughuli ya aina hiyo: wateja watatu kwa mpigo, bei zinazobadilika, mchukuzi anayepiga kelele apishwe, chenji, stoo. Naona ni sahihi mwanamke kuendelea kufungua duka kama maumivu yanamruhusu. Ninachohofia ni duka kugeuka kisingizio. Kodi inadaiwa, mzigo umefika, na tarehe ya kurudi kwa daktari inasogezwa hadi wiki ijayo, kisha mwezi ujao.

Kuna na ushauri wa majirani. Jirani akijua, anamletea mgonjwa emmumbwa, udongo uliokandwa na mitishamba unaouzwa tele katika soko la Owino hapo chini. Sisti ya kawaida ingeisha yenyewe, kwa hiyo ikiisha, dawa inasifiwa, na sifa hiyo inampata mwanamke mwingine ambaye sisti yake si ya kuisha yenyewe. Huyo anapoteza miezi. Anayetaka kuitumia angalau amwambie daktari, na picha ya pili ipigwe tarehe ileile iliyopangwa.

Kinachosemwa kwa sauti ya chini zaidi ni uzazi. Mwanamke anaogopa kwamba ovari ikiguswa basi hatazaa, na mume au mama mkwe atakuwa na neno. Mara nyingi daktari anaweza kuitoa sisti na kuiacha ovari, na hata ovari moja ikiondolewa, iliyobaki ikiwa nzima huendelea kuleta hedhi na mayai. Hili ni la kumwambia ssenga, yaani shangazi, kwa sababu ssenga ndiye atakayelifikisha ukweni kwa maneno yanayosikika, na ndiye anayefaa kwenda naye siku ya majibu. Mtu mwenye hofu husikia nusu ya yanayosemwa.

Yapo yasiyongoja tarehe. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja yanayokuja na kutapika yanaweza kuwa ovari imejisokota na damu haiifikii, na hapo saa zinahesabika. Kizunguzungu cha kuanguka, homa, au maumivu kwa mwanamke aliyekosa hedhi, ambayo yanaweza kuwa ya mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ni ya hospitali usiku huohuo. Na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, tumbo linalojaa wiki baada ya wiki, kushiba kwa tonge chache na kwenda haja ndogo kila mara havifai kuitwa gesi.

Kabla ya kutoka kwenye chumba cha daktari, mgonjwa aulize uvimbe una ukubwa wa sentimita ngapi, ni maji matupu au una sehemu ngumu ndani, wanangoja nini hasa, majibu yatakuwa tayari tarehe gani na apige namba ipi yakichelewa. Yaandikwe nyuma ya karatasi. Karatasi na picha akae nazo yeye mwenyewe, maana atakayempiga ultrasaundi ya pili, hata kama ni kwenye kliniki nyingine, atahitaji ile ya kwanza ili alinganishe.